Mchicha Kwenye Kiwanja Changu

Ndugu wasomaji, nimekuwa kimya majuma mawili. Sikuwa mgonjwa, wala mhariri hajanifukuza. Nilikuwa na kesi, na kesi yenyewe iliingia kwa simu.

Jumapili moja asubuhi baba mdogo alinipigia kutoka Nduguti. Tukasalimiana, nikapewa habari za mvua, za kuku na za harusi ya binamu, ndipo akafika kwenye jambo lenyewe.

"Mwanangu, kile kiwanja chako watu wamekilima."

"Wamelima nini, baba?"

"Mchicha, matembele, bamia. Upande wa barabarani wameweka alizeti."

"Ni akina nani hao?"

Akacheka. "Niulize nani hayumo. Mama zako wote wa mtaa huu wamo."

Kwa wasioifahamu, Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Wilaya yenyewe ni changa, ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Kabla ya hapo shughuli za wilaya zilikuwa Kiomboi. Historia nayo ina utani wake, maana Mkalama iliwahi kuwa na boma la Wajerumani, kisha utawala ukahamishiwa kwingine, ikapita miaka mingi ndipo jina la Mkalama likarudi kwenye mihuri ya serikali. Sasa, wilaya mpya huleta ofisi, ofisi huleta wapima ardhi, wapima ardhi huacha bikoni, na bikoni huwaita watu kama mimi: vijana tunaofanya kazi mjini, tunaojinyima kidogo na kununua kiwanja nyumbani ili siku moja tujenge. Siku moja! Kiwanja changu kina bikoni nne na tangu nikinunue hakijaona tofali hata moja.

Nakiri nilikasirika. Nilishaanza kuandika kichwani barua kali ya kumpelekea mwenyekiti wa kitongoji. Halafu nikajiuliza swali la aibu kidogo: hivi nimekasirikia nini hasa? Mchicha? Nikaamua, kabla ya kwenda, nifanye kile ninacholipwa kufanya, yaani kusoma na kuuliza. Nilitaka kujua watu wanapolima kwenye kiwanja kitupu cha mjini, mwisho wake huwa nini. Kumbe kisa changu kina ndugu wengi, hapa kwetu na ng'ambo, na karibu wote wameishia mahali pamoja.

Tuanze na Dar es Salaam, maana huko wengi wetu ndiko tunakopanga vyumba. Ukitaka kujua kwamba eneo tupu mjini lina sababu zake, nenda Mnazi Mmoja. Wakati wa ukoloni mji uligawanywa kwa kanda: Wazungu kwao upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na kuendelea. Ukanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga Waafrika na wengine, na kisingizio kikawa afya. Eneo hilohilo lililoachwa wazi ili watu wasikutane ndilo baadaye TANU ililotumia kuwakusanya watu kwa maelfu. Kiwanja kitupu, kumbe, huwa kinamsubiri mtu wa kwanza atakayekipa kazi.

Baada ya uhuru kazi hiyo ikawa chakula. Mwaka 1972 TANU ilitoa azimio la Iringa, "Siasa ni Kilimo". Halafu ukaja ukame wa 1973 hadi 1975, mafuta yakapanda bei duniani baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, na fedha za kigeni zikaishia kununua nafaka nje. Hapo ndipo likazaliwa jina ambalo wazazi wetu hawajalisahau: Kilimo cha Kufa na Kupona. Wafanyakazi wa mijini nao wakatakiwa washike jembe. Ofisi na viwanda vikatafuta mashamba, na viwanja vilivyokuwa vimeota majani kati ya nyumba vikapandwa mahindi. Serikali iliyokuwa ikiona kilimo mjini kama uchafu ikakiita uzalendo.

Miaka ya 1980 hakuna aliyehitaji kuhimizwa. Mshahara wa mwezi ulikuwa hauvuki siku chache, hata wahadhiri wa Chuo Kikuu wakafuga kuku. Mwaka 1983 serikali ilitunga sheria ya nguvu kazi, wasio na kazi rasmi wakakamatwa mitaani na kupelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi mjini. Na ukitazama vizuri utaona kichekesho: wapo waliohamishwa kwenda kulima huku majirani zao waliobaki wakilima palepale mjini, mabondeni, kando ya reli na chini ya nguzo za umeme.

Kufikia miaka ya 1990 jambo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba wasomi wakaanza kulichunguza. Camillus Sawio, mwanajiografia wetu, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1993 juu ya kilimo ndani ya Dar es Salaam. Makadirio ya miaka hiyo, ambayo bado yananukuliwa sana, yalisema karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizofika kwenye masoko ya jiji zilitoka kwenye maeneo ya wazi na bustani za majumbani. Asilimia 90! Ule mchicha tuliolishwa utotoni pamoja na dagaa uliota kwenye viwanja vya watu. Mwaka 1992 serikali ikatoa kanuni za kilimo cha mijini, zikampa mtu ruhusa ya kulima ndani ya mji eneo lisilozidi ekari tatu. Kwa hiyo kilimo kikawa halali. Ardhi ya kulimia ndiyo haikupata mwenyewe.

Hapa msomaji naomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo. Wengi waliolima viwanja vya Dar walikuwa wageni wa mdomo. Mwenye kiwanja, au mlinzi wake, au bosi wa taasisi fulani, alisema "limeni tu", wakalima. Mwenye kiwanja alinufaika: majani hayakuota, vibaka hawakujificha, na mvamizi hakuthubutu kuweka msingi usiku. Mkulima alipata mboga na senti. Siku kiwanja kilipopata mnunuzi, ikaja katapila. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyevunja sheria. Matuta tu ndiyo yalifukiwa.

Nikajiuliza, je, hii ni tabia ya Bongo tu? Hapana. Kisa cha zamani nilichokipenda kinatoka Detroit, Marekani. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka, viwanda vikafungwa, na Detroit ikajaa wahamiaji kutoka Ulaya wasio na kazi. Meya wa mji, Hazen Pingree, alitazama akaona vitu viwili vimekaa bure: watu, na viwanja vilivyonunuliwa na wafanyabiashara waliokuwa wakisubiri bei ipande. Mwaka 1894 akawaomba wenye viwanja wavikopeshe. Matajiri walimcheka, magazeti yakamtungia jina la utani la viazi, na makanisa aliyoyaomba mchango yakatoa kiduchu. Meya akampiga mnada farasi wake ili pesa ya mbegu ipatikane. Mwaka ule wa kwanza familia 945 zililima ekari 430, viazi na maharage na mboga nyingine, na miji mingine ikiwemo Philadelphia ikaiga.

Halafu? Uchumi ukapona, bei ya ardhi ikapanda, wenye viwanja wakavitaka. Pingree akaenda kuwa gavana wa Michigan, na kadiri miaka ilivyosonga viazi vikapisha nyumba. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walirudia mchezo uleule kwa ukubwa wa nchi nzima, yakikadiriwa matuta ya familia milioni 20, serikali ikisifu na kubandika mabango. Vita vilipokwisha, mabango yakabanduliwa na bustani nyingi zikafa nazo.

Umeona mtindo? Njaa ikija, kiwanja kitupu ni cha wote. Neema ikirudi, kina mwenyewe. Kufa na Kupona yetu na viazi vya Pingree ni ndugu wa tumbo moja.

Mahali ambapo wakulima walikataa kuondoka kimya ni New York. Miaka ya 1970 jiji lile lilikuwa limefilisika nusu. Wenye majengo waliyatelekeza, mengine yakaungua, yakabaki magofu na viwanja vya takataka ambavyo vingi viliishia mikononi mwa jiji. Mwaka 1973 msanii mmoja, Liz Christy, na wenzake walisafisha kona moja ya mitaa ya Bowery na Houston, wakajaza udongo, wakapanda. Walijiita Green Guerillas, na penye uzio walirusha mabonge ya udongo yaliyochanganywa na mbegu. Jambo linalonifurahisha kuliko mabonge ni walichofanya baadaye: walikwenda ofisini. Mwaka 1974 jiji likakubali kuwapangisha ile kona kwa dola moja kwa mwezi. Dola moja ni pesa ya kuchekesha, lakini ilikuja na karatasi, na karatasi ilikuwa na majina. Mwaka 1978 jiji likaanzisha mpango maalumu, GreenThumb, na mamia ya bustani za namna hiyo yakazaliwa.

Ikaja neema, na kama kawaida ikaja na katapila. Meya Rudolph Giuliani alipanga kuzipiga mnada bustani 114 mwezi Mei 1999, akawaambia waliolalamika kwamba zama za ukomunisti zimekwisha. Watu waliandamana, wakafungua kesi, wengine wakakamatwa. Siku moja kabla ya mnada, mashirika mawili ya hiari, moja likiwa lile lililoanzishwa na mwimbaji Bette Midler, yalikubali kununua zaidi ya bustani 110 kwa dola takriban milioni 4.2. Kona ya Liz Christy ipo mpaka leo na inaitwa kwa jina lake. Iliyokuwa na karatasi na watu wa kuisimamia ilipona. Nyingine zilizokosa kimoja kati ya hivyo viwili ni majengo sasa.

Kuna mtu atasema, wenzetu wana mabilionea wa kuwanunulia bustani, sisi je? Swali zuri. Kwa hiyo tuangalie Havana. Baada ya Muungano wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, Kuba ilikosa mafuta, mbolea na chakula kwa mkupuo. Watu wakalima vibaraza, viwanja vya majengo yaliyobomoka, kila penye jua. Serikali haikuuza ardhi ile wala kuigawa iwe mali ya mtu. Ilitoa haki ya kuitumia: ardhi inabaki ya umma, wewe una haki nayo maadamu unalima, ukiacha kulima inarudi. Mfumo ule una kasoro zake, na Kuba mpaka leo inaagiza chakula kingi kutoka nje. Lakini angalia jambo moja. Kwetu Tanzania nako ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Tunamiliki haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati. Kwa hiyo wazo la "haki ya kutumia bila kumiliki" si geni kwetu, limekaa ndani ya sheria zetu wenyewe.

Na jirani zetu Kenya wana kisa ambacho kingependeza hata Singida. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kikundi cha vijana wa Kibera, baadhi yao wakiwa wamewahi kuishi kwa uhalifu, waliamua mwaka 2008 kusafisha jalala lililokuwa karibu na reli. Walizoa taka za miaka mingi, wakaleta udongo na samadi, wakaweka mabomba ya umwagiliaji wa matone. Kwa kuwa jalala huacha sumu, udongo ulipimwa, na walipanda alizeti pamoja na mboga ili ziivute zinki iliyozidi ardhini. Alizeti! Sisi tunaikamua mafuta, wao waliitumia kama ufagio. Somo hilo la kupima udongo si la kupuuza, kwani watafiti wamekuta metali nzito kwenye mboga zinazolimwa bonde la Msimbazi, Dar, ambako maji machafu ya viwanda yamepita miaka nenda rudi.

Mpaka hapo nilikuwa nimeelewa suala la ardhi. Likabaki suala la watu, na hilo Watanzania tuna shahada nalo.

Ukisema "bustani ya pamoja" mbele ya mzee yeyote wa Singida, ataangalia pembeni. Atakumbuka shamba la ujamaa. Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba siku ya shamba la kijiji watu walikwenda na majembe yaliyochakaa, yale mazuri yakabaki nyumbani kwa ajili ya shamba la familia. Hakuna aliyegoma. Walichelewa tu, wakaegemea mipini, wakasalimiana sana. Baada ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, wengi bila hiari, na shamba la wote likageuka shamba la asiyekuwepo.

Lakini katika miaka hiyohiyo palikuwa na mtindo mwingine ambao tumeusahau: bega kwa bega. Eneo moja kubwa linatengwa, linalimwa kwa wakati mmoja, ila ndani yake kila kaya ina kipande chake kinachojulikana. Jirani yuko ubavuni, magugu ya mvivu yanaonekana na wote, na mavuno ya mchapakazi ni yake. Sisemi kwamba ulifaulu kila mahali, maana nao mara nyingi ulishushwa kwa amri. Nasema kwamba ukiuweka mbele ya viazi vya Pingree au ile kona ya Bowery, utakuta ni kitu kilekile: ardhi na njia ni za wote, tuta ni la mtu. Na kabla ya ujamaa, wakulima wa kwetu walikuwa na desturi ya kulimiana: leo kwako, kesho kwangu, jioni pombe ya mtama. Kazi ilikuwa ya wengi, ghala lilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo nikafunga daftari nikiwa na mambo mawili tu. Bustani za viwanja vitupu zinauawa na moja kati ya haya: ama ndani hakuna tuta la mtu, au nje hakuna karatasi ya wote. Nikapanda basi.

Nilifika Nduguti mchana, jua la kiangazi likiwa limeanza. Kiwanja changu sikukitambua. Niliacha nyasi na chupa za plastiki, nikakuta matuta kumi na manne yamepangwa kama vitanda vya bweni, kila moja limewekewa kijiti na kitambaa cha rangi yake. Katikati kuna njia, mwisho wa njia kuna shimo la mboji. Maji yanabebwa kwa ndoo. Waliniona nimesimama kwenye bikoni.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu. Umekuja kutufukuza?"

Nikawaambia nimekuja kuuliza. Mmoja, ambaye amenifahamu tangu sijaota meno, akanijibu kabla sijauliza. "Ulituachia nyoka hapa. Watoto wanapita wakienda shule. Tumefyeka mara ya kwanza, majani yakarudi. Tumefyeka mara ya pili, tukasema sasa tutafyeka bure mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye mwenye kiwanja wa Detroit, yule anayesubiri bei ipande. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa tajiri, mimi nina deni la mkopo wa elimu ya juu.

Kabla ya kukaa nao nilipita kwa rafiki mwanasheria kwa njia ya simu, maana hofu yangu ilikuwa ile ya kila mwenye kiwanja: wakizoea, si watakichukua? Akanifafanulia. Kisheria mtu hupewa miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani, na ndiyo maana watu wanaogopa wavamizi wanaokaa muda mrefu. Lakini mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba aliyeingia kwa ruhusa ya mwenyewe hawezi kugeuka na kudai ardhi ni yake kwa sababu ya kukaa sana. Yaani ruhusa iliyoandikwa inamlinda mwenye kiwanja kuliko kimya chake. Akaongeza la kunichoma: Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu miliki kufutwa pale masharti yake yanapovunjwa, na kuacha kiwanja bila kukiendeleza ni mojawapo. Mchicha hauhesabiwi kuwa nyumba. Kwa hiyo mwenye kukiuka masharti pale alikuwa mimi.

Tukakaa chini ya mwarobaini, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo. Mazungumzo yalichukua mchana mzima na hayakuwa matamu yote. Wao walitaka miaka kumi, mimi nikasema miwili, tukakubaliana mitatu. Wakataka kupanda miembe. Nikakataa, kwa sababu mti wa kudumu huzaa madai ya fidia. Mapapai nikayakubali. Mama mmoja aliuliza, ukipata pesa za kujenga katikati ya msimu je? Tukaandika: taarifa miezi sita, na kilicho ardhini kivunwe kwanza. Kila tuta lina jina kwenye karatasi. Njia, shimo la mboji na uzio ni kazi ya wote, siku moja kwa wiki, na asiyefika analeta ndoo tano za samadi. Kipengele hicho walikitunga wenyewe, na ningekuwa mimi nisingekifikiria. Nikasaini, wakasaini, wawili wakaweka dole gumba. Nakala tatu.

Nilirudi Dar na fungu la matembele kwenye begi. Njiani, mahali fulani kabla ya Dodoma, nikagundua kwamba sijamaliza kesi. Nimewapa miaka mitatu. Miaka mitatu ikiisha, nami nikawa na pesa, nitafanya kilekile kilichofanywa Detroit na Dar, ila kwa adabu zaidi na kwa taarifa ya miezi sita. Karatasi yangu imenunua muda tu. Bustani haiwezi kuishi kwa hisani ya mtu anayesubiri kujenga.

Ndiyo maana naandika. Mji kama Nduguti una bahati ambayo Dar imeshaipoteza: bado unachorwa. Kila mchoro wa mipango miji huwa na rangi yake ya maeneo ya wazi, na sote tunajua maeneo hayo huishia kuwa nini kwenye miji mikubwa: baa, gereji, nyumba ya mheshimiwa. Huishia hivyo kwa sababu kwenye ramani yameandikwa "wazi" tu, na kitu kilicho wazi hakina wa kukilinda. Kama eneo moja katika kila mtaa lingeandikwa bustani, likapewa kikundi chenye majina kwa haki ya kulitumia maadamu linalimwa, na matuta yakawa bega kwa bega, mvamizi angekuta mama kumi na nne mlangoni. Ardhi ya umma ipo. Sheria ya kilimo mjini imekuwepo tangu 1992. Mama zangu wa Nduguti hawakosi jembe. Kinachokosekana ni mtu wa kuliandika jambo hili kwenye mchoro kabla bei haijapanda, na bei ikishapanda hakuna meya wala mkuu wa wilaya atakayekuwa na moyo huo.

Na wewe msomaji, uliyekaa Sinza au Mikocheni unaposoma haya, hivi kile kiwanja chako cha nyumbani kikoje sasa hivi? Kina nini zaidi ya bikoni? Piga simu uulize. Ukiambiwa kuna mtu amelima, usikasirike kama mimi. Muulize jina lake, mwandikie karatasi.

Yale matembele tuliyala jioni ileile, wapangaji wote wa nyumba yetu, kwa ugali. Haya, tukutane tena panapo majaaliwa.